Kikopo Alichonijazia Mama Mkwe

Kila Jumanne Muganga Deo huniita kituo cha afya nikae kidogo na wagonjwa wapya wa kifua kikuu. Yeye ni nesi, lakini huku kwetu Goma kila anayekupa dawa ukapona ni muganga. "Mama Neema," huniambia, "waambie tu kwamba wakimeza mpaka mwisho watapona." Nawaambia. Wananiangalia mashavu haya na mikono hii minene, hawaamini kwamba na mimi nilikuwa mifupa. Lakini kuna sehemu moja ambayo, mbele ya benchi lililojaa watu, huwa naikata fupi kwa sababu aibu bado iko. Hiyo ndiyo naiandika hapa. Mimi ni mshonaji, kuandika si kazi yangu, mtanivumilia.

Ni hivi: niliwahi kupeleka hospitali makohozi ya mtu mwingine nikasema ni yangu. Na mwanangu nusura alipe.

Kukohoa kulianza wakati wa kiangazi. Nikasema ni vumbi, maana mji wetu una vumbi jeusi na kila mtu ana kikohozi chake. Nilikuwa nashona kwenye baraza la nyumba yetu, karibu na soko, na cherehani ya kukanyaga. Mwezi wa pili miguu ikaanza kuchoka. Mshonaji hahitaji mzani. Nilipunguza sketi yangu ya bluu mara moja, nikaipunguza tena, na mara ya tatu nikakuta kitambaa nilichokunja ndani ni kingi kuliko kilichobaki nje. Bwana wangu Kambale, Papa Neema, akaniambia, "Furaha, naogopa kukugusa nisikuvunje." Alikuwa anatania. Halafu akatoka nje, nikamsikia anapenga kamasi muda mrefu.

Wakati ule Goma ilikuwa mikononi mwa waasi, Butembo mikononi mwa waasi wengine, na barabara ya kati ikifunguliwa leo kesho inafungwa. Ndivyo mama yake Kambale alivyobaki kwetu. Mama Kahindo ni muuza maharage. Alishuka kutoka Butembo na magunia yake kwa safari ya wiki mbili, barabara ikafungwa nyuma yake, wiki mbili zikawa miaka miwili ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Hatukugombana. Sisi tulikuwa tunapishana tu. Yeye ni mtu wa sokoni, anaamka kabla ya kila mtu na kusema maneno machache, mimi nasema tangu naamka mpaka nalala. Nadhani nilikuwa namchosha.

Kituoni, benchi la wanaokohoa liko nje, chini ya bati. Nililikalia siku nzima kabla jina langu halijaitwa. Wanapima hivi: wanakupa kikopo chenye mfuniko, unakohoa kutoka ndani kabisa, mzee wa laboratwari, yaani maabara, anapaka kidogo kwenye kioo, anatia rangi, anaangalia kwa mashine yake. Akiona vijidudu vingi sana anaandika misalaba mitatu. Vikipungua anaandika miwili, au mmoja, na vikiisha, sifuri. Halafu wanarudia kupima mwezi wa pili wa dawa, na mwezi wa tano, na mwishoni, ili wajue kama dawa inaviua au inavichekea tu. Mashine ya mzee haikuwa na umeme, ilikuwa na kioo kidogo chini yake kinachovuta mwanga wa jua kutoka dirishani. Siku ya mvua hakuna majibu. Mtakaa mnaangalia mawingu kama watu wa kuanika muhogo.

Mimi nilipewa misalaba mitatu.

Siku niliyorudi na kadi yangu Mama Kahindo hakusema pole. Alimnyanyua Neema, mtoto wangu wa pekee, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu, akamchukua na blanketi lake. "Huyu atalala na mimi," alisema. Muganga Deo alikuwa ameniambia jambo lile lile, kwamba mtoto asilale nami, nikiongea naye nigeuze uso pembeni, na kwamba vidonge vya kinga vya watoto vilikuwa vimeisha kituoni. Lakini yeye aliniambia kwa upole, akaniwekea mkono begani. Mama Kahindo alifunga mlango.

Nikaanza dawa. Kila asubuhi nilimeza mbele ya Muganga Deo, halafu nafungua mdomo aone kwamba sijaficha kitu chini ya ulimi. Mkojo ukawa mwekundu nikapiga kelele chooni, jirani akaja mbio. Tumbo liligeuka wiki mbili. Wiki ya tatu, jamani, njaa! Nilikula sombe, yale majani ya muhogo, ya nyumba nzima nikauliza kama jirani wamepika. Hakuna aliyenikaripia. Kambale alikaa ananitazama nakula, anacheka peke yake.

Karibu natimiza miezi miwili, volkano ikatoka. Wale mliokuwepo mnajua, sina haja ya kuwaambia jinsi moto ulivyoteremka mpaka ukakata mji katikati. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, na umati wote, Kambale amebeba cherehani kichwani, Mama Kahindo amembeba Neema mgongoni, mimi nimebeba sufuria na kikohozi. Nyumba yetu ilibaki chini ya mawe yale. Lakini mimi niliyekuwa nalia sikulilia nyumba. Nililia dawa. Nilijua kwamba ukizikata katikati, vijidudu vinapumzika na kupata nguvu.

Asubuhi ya pili, kandokando ya barabara ya Gisenyi, kati ya maelfu ya watu na mbuzi na magodoro, nikasikia sauti: "Watu wangu wa asubuhi! Watu wangu wa asubuhi wako wapi?" Muganga Deo. Alikuwa ameacha nguo zake zote nyumbani, akakimbia na kitabu cha wagonjwa na katoni la dawa. Hakutaka kutaja ugonjwa wetu mbele za watu, kwa hiyo alituita hivyo, watu wa asubuhi, na sisi tukaelewa. Alinitilia vidonge mkononi nikameza na maji ya mtu nisiyemjua. "Fungua mdomo," akasema. Pale pale barabarani nikafungua. Mpaka leo nikimkumbuka na lile katoni kifuani machozi yananitoka, na siyafichi.

Tuliporudi, Kambale, ambaye ni seremala, alitujengea nyumba ya mbao upande wa Mugunga. Mji mzima ulikuwa unataka mbao, hakupumzika. Nilipimwa mwezi wa pili kwa kuchelewa, mzee wa laboratwari akangoja jua litoboe moshi, akaandika sifuri. Sifuri! Nilimkumbatia Muganga Deo mpaka kofia yake ikaanguka. Akanipa vidonge vya kumezea nyumbani, na akasema mtoto anaweza kurudi kwangu.

Mama Kahindo akakataa. "Hivyo vijidudu viko na akili," alisema. "Vimejificha. Ngoja kwanza umalize." Neema mwenyewe alikuwa ameshazoea, akiamka anaita "Koko", yaani bibi, haniiti mimi. Nikaona nisilete maneno katika nyumba ambayo hata misumari yake ilikuwa mipya. Nikangoja.

Masika yakaja, na mwezi wa tano wa dawa. Muganga Deo akanipa kikopo: kesho asubuhi, kabla ya kula, nikohoe ndani, nikilete.

Asubuhi hiyo nilisimama nyuma ya nyumba na kanga kichwani, mvua ya rasharasha inanipiga. Nikakohoa. Hakuna. Nikainama, nikajipiga kifua, nikakohoa mpaka macho yakatoka maji. Nilitoa mate tu, meupe, mepesi. Na mimi niliwahi kupeleka mate zamani, yule mzee akayarudisha mbele ya watu wote akisema, "Mama, hii ni mate, hata mutoto anatema hii. Leta makohozi." Niliogopa. Nilifikiri watasema sifuati masharti, wataninyima vidonge vya mwezi, na nimebakiza miezi michache tu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba anayepona hukauka kifua.

Mama Kahindo alikuwa anatoka kwenda sokoni. Akasimama ananiangalia. "Uko unafanya nini na hiyo kikopo?"

"Mama, inakataa kutoka."

"Sasa utaenda nayo bule? Kikopo ya watu utairudisha tupu?"

Lazima mumwelewe mtu huyu. Miaka thelathini amepima maharage kwa kopo. Kopo lisilojaa kwake ni wizi. Akishalijaza anaweka tena konzi ndogo juu, matabishi, ndipo anakukabidhi na roho yake inatulia. Alinyoosha mkono. "Lete."

Yeye alikuwa na kikohozi. Tangu volkano kila mtu alikuwa nacho, kwa moshi na lile vumbi kali, na yeye akipika kwa makaa ndani. Alikohoa mara mbili, kikopo kikajaa mpaka juu, na matabishi.

"Mama! Si yangu hii."

"Kwani makohozi iko na jina ya mutu? Wewe umepona, mimi siko mugonjwa. Wataona sifuri tu. Enda."

Tukaangaliana, kanga yangu inavuja maji puani, yeye ameshika kile kikopo kama zawadi ya harusi, tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka akaegemea ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza mimi na mama mkwe wangu kucheka pamoja tangu niolewe. Nilitembea barabara ya Sake kwenda mjini na furaha ile kifuani. Kwenye kizuizi askari mmoja wa waasi akafungua mfuko wangu. "Hii ni nini?" Nikamwambia, "Makohozi ya kifua kikuu, afande. Fungua tu uone." Aliruka nyuma hatua tatu, nikapita bila kuulizwa kitambulisho. Nikasema leo Mungu yuko upande wangu.

Mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano jua likatoka, na Ijumaa nikaenda kuchukua majibu.

Muganga Deo hakunitazama usoni. Akafunga mlango. "Mama Neema, ulikuwa unatupa dawa?"

"Mimi? Hata kimoja!"

"Ni misalaba mitatu. Mzee ameangalia mara mbili, hakuamini na yeye. Unanenepa hivi, halafu tatu? Sielewi. Dawa hizi zimeshindwa. Vijidudu vyako vimezizoea." Akaniambia tutaanza upya Jumatatu, na dawa nyingine juu yake: sindano kila siku, miezi miwili, zenye uchungu, na ambazo zinaweza kugusa masikio. Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Nilikuwa nasikia tu maneno "vijidudu vyako". Vyangu wapi?

"Na mutoto," akauliza, "analala na nani?"

"Na koko yake."

"Vizuri sana. Aendelee kulala na koko."

Hapo nikaelewa. Mungu wangu! Nilimwona Mama Kahindo kwenye meza yake sokoni, na wateja wakinong'onezana, wakihama mmoja mmoja kwenda kwa muuzaji mwingine. Nilimwona anacheka ameegemea ukuta. Kitu kimoja kizuri alichowahi kunitendea, nimchongee nacho? Nikasema, "Aksanti, Muganga," nikatoka. Mnisamehe. Nilitoka.

Nilifika nyumbani karibu nakimbia. Neema alikuwa amekaa mapajani mwa koko yake, wanachagua mawe kwenye maharage, vichwa vimegusana. Nilimnyakua. Akapiga kelele. Mama Kahindo akasimama, maharage yakamwagika. "Unanitolea mutoto kwa sababu gani?"

Nilimwambia. Kambale alikuwepo, ameshika nyundo, akaiweka chini polepole.

"Mimi?" Mama Kahindo alisema. "Mimi siko na ile magonjwa yako. Kama niko nayo, nani alileta kwa nyumba?"

Sijui, hata leo. Inawezekana nilimwambukiza mimi. Inawezekana yeye alikuwa nayo kabla yangu, mimi ndiye niliyeipokea. Muganga Deo husema hakuna anayeweza kujua na haisaidii kujua. Lakini siku ile maneno yale yalinikata.

Neema alilala kwetu Ijumaa ile, akilia mpaka akachoka. Jumamosi asubuhi Mama Kahindo akaja na shauri lake, sauti iko chini. Mtoto hatamgusa tena. Atahamia jikoni, atakula peke yake. Na mimi nikubali sindano, ninyamaze. "Sindano si sumu," alisema. "Itakukomaza zaidi. Lakini watu wakijua juu yangu, Furaha, soko imeisha. Na Butembo siwezi kurudi. Nitaenda wapi?"

Nilimtazama Kambale. Alikuwa anakwaruza ubao kwa kucha. "Ni mama yangu," akasema. "Kubali hata wiki moja tu. Mimi nitamwongoza polepole." Nilikasirika naye sana. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Halafu nilimwonea huruma, maana kweli ni mama yake.

Jumatatu nilienda. Nitasema ukweli: nilienda nimekubali. Niliona kwamba nitapigwa sindano, nitakuwa kiziwi kidogo, kazi ya cherehani haihitaji masikio, na nyumba itatulia. Nikakaa, nikapandisha mkono wa blauzi. Muganga Deo akavuta dawa kwenye bomba. Akiwa anapapasa mkono kwa pamba akasema, kama mtu anayenifariji, "Usiogope kwa Neema. Koko anamuchunga vizuri."

Nikasema, "Si yangu."

"Nini si yako?"

"Makohozi. Yalikataa kutoka. Alinijazia mama mkwe."

Alisimama na sindano hewani. Nilingoja anipige makofi. Aliweka sindano kwenye sahani, akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa, akavua kofia. "Mama Neema," akasema. "Na mutoto alilala naye muda gani?"

"Tangu misalaba yangu mitatu."

"Mulete leo. Leo, unanisikia? Na wewe, njoo huku unikoholee mbele ya macho yangu."

Ilichukua muda. Alinifundisha: vuta pumzi mpaka chini, ishike, itoe, vuta tena, ruka ruka kidogo, halafu kohoa kutoka tumboni. Yule mzee wa laboratwari alikuja kunipigapiga mgongo huku akininung'unikia. Yakatoka makohozi kidogo, kama kichwa cha kidole. Sifuri. Kesho yake tena, sifuri. Dawa ilikuwa imeviua kweli, wakati wote, na mimi karibu nichomwe sindano sitini kwa ajili ya vijidudu vya mtu mwingine.

Neema alipelekwa kupigwa picha ya kifua. Niliisubiri nimekaa sakafuni, sikuweza hata kuomba, nilikuwa nahesabu vitasa vya milango. Picha ilikuwa safi. Lakini mzani ulionyesha amepungua, na Muganga Deo hakutaka mchezo. Vidonge vya kinga vilikuwa vimefika, akampa vya miezi sita: kila asubuhi nimsagie kimoja kwenye uji.

Na Mama Kahindo? Alikataa kwenda. Siku tisa hakusema nami neno. Alipika chakula chake nje, chini ya maturubai, na kukohoa huku amejiziba kwa kitenge, akidhani sisikii.

Shida ni kwamba Neema alikataa dawa kwangu. Nilisaga, nikatia sukari, nikamshika pua, nikaimba. Alitema yote kwenye nguo zangu. Nilikuwa mtu wa kumnyakua kwa koko yake, basi. Siku ya tisa alitema mara mbili, akaanza kupiga kelele, "Koko! Koko!" Mimi nikakaa chini nikalia pamoja naye, uji mpaka kwenye nywele.

Mama Kahindo akaja mpaka mlangoni. Hakuingia. "Ni dawa ya nini hiyo?"

"Ya kumkinga."

"Kwa sababu yangu?"

Ningeweza kusema kwa sababu yangu mimi. Ningeweza kusema kwa sababu ya Mungu. "Ndiyo, Mama," nikasema. "Kwa sababu alilala na wewe."

Alisimama pale akishika mbao za mlango. Halafu akaita kutoka nje, kwa ile sauti yake ya sokoni, "Neema! Meza, Koko anakuangalia. Maliza yote." Na mtoto, shavu limelowa, akachukua kijiko kwenye mkono wangu, akameza. Akamaliza, akakwangua bakuli.

Kesho yake ilikuwa siku kubwa ya soko. Mama Kahindo hakwenda sokoni. Alivaa kitenge chake cha misa, akafunga kilemba, akanipita bila kunitazama. "Twende," alisema. Njia nzima alitangulia, mimi nyuma, kama watu wasiojuana.

Benchi chini ya bati lilikuwa limejaa, na kati ya watu walikuwepo wanawake wawili wa soko lake. Nilifikiri atarudi. Muganga Deo alitoka na kitabu, akaanza kuzunguka maneno kwa adabu, "Karibu Mama, tutakuona ndani, pole pole..." Mama Kahindo akamkata. Alisimama katikati, akaongea kama anayetangaza bei. "Ile makohozi yenye misalaba tatu ni yangu. Huyu mukwe wangu hakudanganya kwa ubaya, mimi njo nilimujazia. Mimi niko nayo, na nimekuja kumeza dawa. Nani ako na swali?"

Mmoja wa wale wanawake wa soko alisogea kumpa nafasi ya kukaa. Baadaye tulijua kwa nini alikuwa kwenye benchi lile: na yeye alikuwa anakohoa miezi mitatu amejificha.

Tulimeza naye miezi yake yote. Mwezi wa pili walipompima alipata msalaba mmoja, akakasirika, akamwambia mzee wa laboratwari asafishe miwani yake. Walimwongezea mwezi, wakarudia, sifuri. Mwezi wa tano, sifuri. Wateja wengine walihama, kweli. Wengine walirudi. Barabara ya Butembo ilipofunguka niliogopa ataondoka. Alikwenda, akakaa wiki moja, akarudi na magunia na jogoo, akasema jogoo ni zawadi yangu mimi, kwa sababu nilimaliza dawa zangu. Hakuwahi kuniomba radhi na mimi sikuwahi kumwomba. Siku hizi asubuhi anakaa karibu na cherehani yangu kabla ya kwenda sokoni, ananiacha niongee.

Kwenu mlio kwenye benchi: kifua kikikauka, nendeni mseme kimekauka. Usijaze kikopo kwa kuona haya. Muganga hataki kikopo kilichojaa, anataka kujua kinachoendelea ndani yako wewe. Na ukiwa na mtoto nyumbani, mtaje yeye kwanza, kabla hujataja maumivu yako. Namshukuru Mungu, namshukuru Deo na kitabu chake, namshukuru yule mzee aliyeangalia mara mbili. Na namshukuru Mama Kahindo, kwa sababu asingenijazia, nani angejua kwamba ni mgonjwa, na Neema amelala kifuani mwake kila siku?

Siku Neema alipomaliza kidonge chake cha mwisho, walimpima mzani, wakampiga picha tena, safi. Tulirudi nyumbani mchana. Nilimlaza kitandani kwangu apumzike, nikajilaza pembeni yake. Akataka kunieleza jambo kuhusu jogoo. Lakini kabla ya kusema, aligeuza uso wake upande wa ukuta, akaanza kuongea na mbao. Sikuelewa mwanzo. Halafu nikaelewa. Karibu mwaka mzima, kwanza mimi, halafu koko yake, kila tulipotaka kumwambia neno tuligeuza uso pembeni. Mtoto wangu alikuwa anajua kwamba hivyo ndivyo watu wanaopendana wanavyoongea.

Nilimshika kidevu nikamgeuza, mpaka pua yake ikagusa pua yangu. "Sema hapa," nikamwambia.

Alisita. Halafu akasema, na kucheka, na pumzi yake ikanigonga usoni, ya moto, yenye harufu ya ndizi. Sikugeuka.